Rejesta na mwezi: jibu kwa mwalimu wa mwambaoni

Swali: "Shikamoo Mwalimu. Nafundisha sekondari ya kata mwambaoni mwa Ziwa Victoria, mkoani Mwanza, na mwaka huu nimekabidhiwa kitengo cha malezi na ushauri. Wavulana wanatuishia. Wale walioanza Kidato cha Kwanza, karibu nusu hawapo tena wanapofika Kidato cha Tatu. Wasichana wana klabu yao, kuna shirika linawaletea taulo za kike, kuna mwalimu mlezi. Wavulana hawana cha kwao. Nikiwauliza wanataka kuwa nani, jibu ni moja: 'nataka mtumbwi wangu'. Mkuu wa shule ameniagiza nianzishe ushirikiano na jamii ili wabaki shuleni na waone mbali. Barua ya kuita kikao cha wadau ninayo tayari, sijaisambaza. Nianze na nani? Halafu kuna mvulana wa Kidato cha Tatu, hodari sana wa hisabati, ameondoka tangu mwezi uliopita. Tunasikia yuko kambi ya dagaa kisiwani. Nimfuate au nimwache?"

Marahaba, mwalimu mwenzangu. La huyo mvulana nitalijibu mwishoni, lakini wewe ulitekeleze kabla ya mengine yote.

Barua ya wadau iache kwanza kwenye droo. Ukiita kikao leo watakuja diwani, mtendaji wa kata, shehe, mchungaji, mwenyekiti wa kijiji na wazazi wa wanafunzi ambao hawana tatizo. Watasema maneno mazuri, utaandikwa muhtasari, na kesho yake wavulana walewale watakuwa majini. Nimekaa katika vikao hivyo kwa miaka mingi na sina shaka na nia ya wanaokuja. Shida ni kwamba aliyewachukua wavulana hayumo ukumbini. Kwa hiyo chukua rejesta, chukua na kalenda inayoonyesha mwandamo wa mwezi, ukae mahali penye utulivu kwa saa mbili.

Nikwambie kwa nini. Kituo changu cha kwanza cha kazi kilikuwa shule ya mwambao, mimi kijana, chaki mkononi na fimbo kwapani. Safu ya nyuma walikaa wavulana watano au sita ambao kuna wiki walikuwa wanalala kipindi cha kwanza hadi cha tatu. Niliwachapa. Niliwaita wavivu mbele ya wasichana. Asubuhi moja nilimwinua mmoja aliyelalia mkono: shavuni ana alama ya kifungo cha sweta, na kwenye nywele zake kuna magamba ya dagaa yaliyokauka, madogo, yanang'aa kama punje za chumvi. Puani amejaa masizi ya karabai. Nikamchapa hivyohivyo. Mchana, mwalimu mwenzangu ambaye baba yake alikuwa mvuvi alivuta rejesta yangu, akaiweka chini ya kalenda ya ukutani, akapitisha kidole kwenye siku za mwezi mchanga, kisha kwenye siku za mwezi mpevu. Alama za kutokuwepo zilijaa pale mwezi ulipopotea, zikapungua mwezi ulipojaa. Akaniambia, "Hawa si watoro. Hawa ni wavuvi wa giza."

Wewe unayeishi huko unalijua hili, ila nalieleza kwa ajili ya wasomaji wa bara. Dagaa huvuliwa usiku kwa taa. Taa huelea juu ya maji, dagaa huifuata, wavu huwazunguka. Mwezi ukiwa mpevu ziwa lote lina mwanga na taa inakosa nguvu, basi wavuvi hupumzika siku kadhaa hadi giza lirudi. Ndiyo maana mwambaoni kuna watu wanaohesabu mwezi kwa giza na mbalamwezi kuliko kwa tarehe. Na mtoto anayevua giza hawezi kuwa macho saa 2 asubuhi mbele ya ubao.

Yule mvulana hakumaliza shule. Ninalibeba hilo hadi leo, na ndilo linalonifanya nikuandikie kwa urefu huu.

Piga hesabu ya miezi mitatu iliyopita, jina kwa jina. Utaona wale wanaofuata mwezi. Utaona wengine ambao siku yao ya kukosekana ni siku ya gulio; hao wanabeba mizigo au wameshaanza kuazimwa pikipiki. Watabaki wachache wasio na mpangilio wowote, na hao mara nyingi ni njaa, maradhi, ugomvi wa nyumbani, au mtoto ambaye Kiingereza cha Kidato cha Kwanza kilimwacha njiani, akaona aibu kukaa darasa asilolielewa. Usiwatibu wote kwa dawa moja. Ila katika kata kama yako naamini kundi la mwezi litakuwa kubwa kuliko yote, kwa hiyo nitakaa nalo zaidi.

Usidhani ni shule yako peke yake. Kati ya watahiniwa zaidi ya milioni 1.2 wa darasa la saba mwaka 2024 hapa Tanzania, wasichana walikuwa kama 54 katika kila 100. Wavulana wameanza kupungua kabla hata hawajafika kwako. UNESCO mwaka 2022 ilitoa ripoti nzima juu ya wavulana kujitenga na elimu, ikaeleza kwamba wavulana milioni 132 wa umri wa msingi na sekondari walikuwa nje ya shule duniani, na kwamba umaskini na haja ya kufanya kazi ni miongoni mwa sababu kubwa. Ada kwetu ilifutwa Kidato cha Kwanza hadi cha Nne tangu 2016. Kwa mvulana wa mwambao ada haikuwa kikwazo pekee. Kwake, kila siku anayokaa darasani ina bei: ni mgao alioukosa.

Hapa ndipo lilipo jambo ninalotaka ulishike kuliko yote katika barua hii. Tunazungumza kana kwamba mvulana anatoroka shule. Ukweli ni kwamba mara nyingi ananunuliwa. Kuna mtu mzima, mwenye jina na mtumbwi, anayemwambia "usiku twende", na alfajiri anampa mgao. Mtoto anapita dukani, ananunua unga na sukari, anampa mama yake. Mama anapokea kwa mikono miwili. Kuanzia hapo nyumbani ni mwanamume. Kisha anakuja shuleni anaambiwa apige magoti kwa kuchelewa. Mwalimu, ungekuwa wewe ungechagua wapi?

Kwa hiyo ushirikiano wako wa kwanza uwe na anayenunua. Nenda kwa matajiri wa mitumbwi.

Njia ya kuwafikia ni BMU, kile kikundi cha wavuvi kinachosimamia uvuvi kwenye mwalo wenu, pale mitumbwi inapotua. Wao ndio wenye orodha ya vyombo na wavuvi, wanajua nani anapanda mtumbwi upi, na mvuvi anawasikiliza kuliko anavyotusikiliza sisi. Mtafute mwenyekiti wao wakati wa mbalamwezi, watu wamepumzika na wanatengeneza nyavu. Usiende wakati mitumbwi inatua, hapo kila mtu ana haraka ya kuuza. Ukiwa mgeni mwaloni, ongozana na mtu wa palepale, ikiwezekana mzazi anayeheshimika. Beba ile hesabu ya rejesta, lakini usibebe majina ya watoto kuwaanika hadharani. Onyesha tu mistari: giza hili wavulana wangapi hawakuja, giza lile wangapi. Matajiri wengi hawajawahi kuonyeshwa. Wao humwona mtoto mmoja kwenye mtumbwi wao, hawaoni darasa lililobaki na madawati matupu.

Halafu waombe jambo moja tu: asiyefika miaka 18 asipande mtumbwi usiku. Usichanganye na ombi la mchango wa madawati, rangi ya darasa na zawadi za mahafali. Sheria iko upande wako, na ni vizuri uijue hata kama hutaanza nayo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inakataza aliye chini ya miaka 18 kuajiriwa mgodini, kiwandani, kama baharia wa chombo, au mahali popote pa kazi penye hatari. Sheria ya Mtoto ya 2009 inakataza kumfanyisha mtoto kazi usiku, yaani kati ya saa 2 usiku na saa 12 asubuhi. Ziwa lile limeshazika watoto wa watu, na kila mwalo una kaburi la kulitaja. Wazee wenyewe watalisema kabla yako.

Utakutana na pingamizi moja ambalo lina haki, nalo ni hili: "Nikimwacha mimi, jirani yangu atamchukua, nami nitabaki na mtumbwi usio na watu." Ndiyo maana makubaliano na tajiri mmoja mmoja hayadumu. Lazima mwalo mzima ukubaliane siku moja, na ikiwezekana mialo inayopakana, kwa sababu mvulana akikataliwa hapa anavuka. Makubaliano yakishasimama kwa giza mbili au tatu, hapo ndipo unaipeleka hoja kwa serikali ya kijiji itungwe sheria ndogo: halmashauri ya kijiji inapendekeza, mkutano mkuu wa kijiji unajadili, halmashauri ya wilaya inaidhinisha. Nimeona vijiji vikianza na sheria ndogo yenye faini kubwa, na matokeo yake watoto wakapandishwa mitumbwi kwa kificho upande wa pili wa jabali. Wakubaliane kwanza, faini ifuate.

Sasa kuna unga na sukari ya yule mama. Ukimzuia mtoto kuvua bila kulijibu hilo, umemwondolea mama chakula, na atakuwa mpinzani wako wa kwanza. Sheria yenyewe inaruhusu mtoto wa miaka 14 na kuendelea kufanya kazi nyepesi isiyomdhuru na isiyomharibia masomo. Zungumza na matajiri na wanawake wa dagaa watenge kazi za mchana za Jumamosi kwa ajili ya wanafunzi: kutengeneza nyavu, kuanika na kugeuza dagaa kwenye chanja, kupanga magunia, kuhesabu na kuandika mauzo. Malipo yatakuwa madogo kuliko ya usiku, ndiyo. Lakini mvulana anapata shilingi yake ya halali na heshima yake nyumbani haivunjiki. Heshima hiyo usiidharau. Tumepoteza wavulana wengi kwa sababu shule iliwataka wawe watoto tu wakati maisha yalishawafanya wabebe nyumba.

Jambo la pili ambalo matajiri wanaweza kulitoa bila kuumia ni dagaa wenyewe. Ndoo moja kwa kila mtumbwi, kwa kila giza, iende jikoni kwa shule. Wazazi wa mashambani watoe mahindi na maharage. Makande yenye dagaa saa 7 mchana yamemrudisha darasani mvulana ambaye fimbo zote za wilaya zilishindwa kumrudisha. Mkabidhi mzigo huo mama mmoja anayeaminika na daftari moja la mapokezi linalosomwa hadharani kila mwisho wa mwezi, maana chakula kikipotea jikoni hata mara moja, mitumbwi yote itaacha kutoa.

Wanawake wa mwaloni nimewataja kama wapita njia, na sivyo walivyo. Wachuuzi na waanikaji wa dagaa wanafika ufukweni kabla ya jua na wanaona kila mtoto anayeshuka mtumbwini. Wengi wamo kwenye VICOBA, vikundi vya kuweka na kukopa vinavyokutana kila wiki. Waombe wawe macho yako. Mkubaliane hivi: mvulana akikosa siku tatu mfululizo, mwalimu wa darasa anamtumia ujumbe mama fulani, na ndani ya wiki hiyohiyo mtu anafika nyumbani. Atakayekwenda asiwe mgambo, na ikiwezekana asiwe mwalimu. Awe kijana wa kijiji, kaka wa umri wa miaka 20 na kitu, atakayekaa naye juu ya jiwe na kumuuliza kuna nini. Siku tatu ni chache, mtoto bado anajiona mwanafunzi. Mwezi mmoja ukipita ameshanunua simu kwa mkopo wa tajiri, na sasa anadaiwa. Kumtoa hapo ni kazi nyingine kabisa.

Kijiwe cha bodaboda kina mwenyekiti wake na utaratibu wake, nao mfanye nao mapatano ya aina ile ile: pikipiki haikabidhiwi kwa aliye chini ya miaka 18. Wao wenyewe wanaumia, kwani ajali ya mtoto asiye na leseni inawaletea polisi kijiweni. Hawa hukubali haraka kuliko wavuvi.

Nije kwenye "nataka mtumbwi wangu". Nakusihi, usimcheke mvulana anayesema hivyo wala usimwambie awe daktari. Ametaja kazi anayoijua, na mtu aliyefanikiwa anayemwona kwa macho. Ndoto yake ianzie hapo hapo, juu ya maji, kisha mwonyeshe jinsi ziwa lilivyo pana. Nani anatengeneza injini ya mtumbwi inapokufa katikati ya ziwa, na alijifunza wapi? Nani anaunda mtumbwi? Nani anafunga taa za sola zilizochukua nafasi ya karabai? Mwanza mna kampasi ya FETA pale Nyegezi, chuo cha uvuvi cha Serikali, na mna kituo cha TAFIRI wanaofanya utafiti wa samaki haohao anaowavua baba yake. MV Mwanza, meli ya mita 92 na ushee inayobeba abiria 1,200, iliundwa Mwanza na kushushwa majini Februari 2023: pale palihitajika wachomeleaji, mafundi umeme, wachoraji, wapimaji. Daraja la Kigongo–Busisi, kilomita 3 juu ya maji, lilifunguliwa Juni 2025, na katika wavulana wako wapo walioliona likikua nguzo kwa nguzo. Waulize kuna kazi ngapi ndani ya daraja lile. Waache wahesabu wenyewe.

Na wapeleke vizimbani. Kuanzia 2024 Serikali imekopesha vikundi boti na vizimba vya kufugia sato ziwani, na wafugaji binafsi nao wapo. Omba siku moja kwa kikundi kilicho karibu, uende na wavulana 15 na mwalimu wa hisabati. Mfugaji awaeleze hivi: kizimba kina samaki 5,000, wastani wa gramu 100 kila mmoja. Hao ni kilo 500. Wakilishwa asilimia 3 ya uzito wao kwa siku, ni kilo 15 za chakula. Samaki wakikua ukasahau kupima upya, unawapunja na hawakui. Ukikosea upande wa pili, chakula kinazama chini na fedha yako nayo inazama. Huo ni mtihani wa asilimia uliokaa juu ya maji, na mvulana aliyekuwa anauliza "hisabati itanisaidia nini" hataliuliza tena swali hilo. Safari hiyo ni nauli na chakula cha mchana tu. Nimeona ikifanya kazi kuliko semina ya siku mbili yenye fulana.

Kuna habari moja ambayo wavulana wengi hawajawahi kuambiwa waziwazi, nayo ni D nne. Mvulana wa shule ya kata akiona hatapata daraja la kwanza, anadhani mchezo umekwisha tangu Kidato cha Pili. Mwambie kwamba kujiunga na ngazi ya cheti katika vyuo vingi vilivyo chini ya NACTVET, baraza linalosimamia vyuo vya ufundi, kunahitaji ufaulu wa masomo manne yasiyo ya dini katika Kidato cha Nne, na kwamba D ni ufaulu. Kozi nyingine zinataka somo mahususi la sayansi liwemo. Mwonyeshe kwenye mwongozo wa udahili kwa kidole chake mwenyewe. Sisemi umfundishe kulenga chini. Nasema mvulana anayeona mlango ulio wazi mbele yake hutembea, na akishaanza kutembea mara nyingi hupita hata mlango huo. Mtaala ulioanza 2024 nao umeleta mkondo wa amali, yaani wa mafunzo ya ufundi, sekondari. Ulizia wilayani ni shule gani ya karibu imeshaanza, kwa sababu kuna mvulana katika rejesta yako ambaye mikono yake inafahamu mambo kabla ya kichwa.

Wa kuwaleta mbele yao ni nani? Tumezoea mgeni rasmi mwenye suti, anasema "someni kwa bidii", anaondoka na gari. Tafuta vijana waliotoka kijiji hichohicho: aliyemaliza VETA anayechomelea mageti mjini, aliyeko Nyegezi mwaka wa pili, binti aliye muuguzi, aliyerudi shule baada ya kuvua miaka miwili. Wasije mara moja. Kila mmoja apewe wavulana watano, aonane nao mara moja kwa mwezi wakati wa mbalamwezi, na azungumze nao habari za kawaida: alifeli nini, alikula nini chuoni, nauli alipata wapi. Vijana hao wakiwa na miaka 18 na kuendelea na wameunda kikundi, wanaweza pia kuomba mkopo wa halmashauri, ule wa asilimia 4 ya mapato ya ndani iliyotengwa kwa vijana. Karakana ndogo ya injini mwaloni itakuwa darasa lako la pili.

Hapa nina sharti ambalo siliachi kwa yeyote anayeniuliza. Hakuna mlezi kukutana na mvulana peke yao chumbani, kambini au usiku. Mikutano iwe shuleni au mahali pa wazi, shule ikijua saa na majina. Wavulana nao wanadhulumiwa kingono, na wao huficha zaidi kwa sababu wameambiwa mwanamume halii. Makambini visiwani mambo hayo yapo. Wavulana wote wajue namba 116 ya huduma kwa mtoto, na wajue Dawati la Jinsia na Watoto la polisi ni lao pia.

Umesema wasichana wana klabu na wavulana hawana. Nakuelewa, ila chunga sana sentensi hiyo isije ikageuka kinyongo. Msaada wa wasichana ulipiganiwa miaka mingi na bado hautoshi. Usiuguse hata kidogo, na usiruhusu mjumbe yeyote wa kikao apendekeze kuugawa. Huyu mvulana unayemtafuta ana dada darasa moja nyuma yake. Akibaki shuleni, anajifunza kuishi na wasichana kama wenzake wa masomo. Akienda kambini akiwa na miaka 15, anafundishwa mambo hayo na watu wengine. Ninyi wawili, wewe na mwalimu mlezi wa wasichana, kaeni meza moja.

Baba wa watoto hawa usiwasubiri kwenye kikao cha shule. Wengi wako majini au wamehamia mwalo mwingine, na wengine hawakusoma, kwa hiyo ofisi ya mkuu wa shule inawatisha. Wafuate kwenye nyavu. Mwambie baba jambo moja jema la mtoto wake kabla ya lingine lolote. Nimemwona mzee mmoja akiacha sindano ya wavu, akauliza mara mbili, "Mwanangu ndiye wa kwanza kwa hesabu?" Hakuna aliyewahi kumletea habari ya mtoto huyo isiyokuwa ya makosa.

Walioondoka zamani usiwaandike kuwa wamepotea. Waraka wa Elimu wa 2021 uliruhusu walioacha shule kwa sababu mbalimbali kurejea, wavulana wakiwemo. Watu wanaukumbuka kwa habari ya wasichana waliopata ujauzito tu. Kwa asiyetaka tena kuvaa sare, Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima ina njia ya mtihani wa maarifa, ile ya QT, kuelekea Kidato cha Nne, na ina mpango wa IPOSA kwa vijana walio nje ya shule. VETA ina kozi zinazompokea hata aliyeishia darasa la saba, na ina utaratibu wa kurasimisha ujuzi ambao mtu aliupata kazini. Andika mawasiliano ya ofisi hizo kwenye karatasi moja, uibandike pale BMU wanapopimia dagaa na sio ofisini kwako.

Kuhusu kupima kama ushirikiano unafanya kazi, usihesabu vikao wala saini. Kila mwezi chukua siku 10 za giza nene na siku 10 za mbalamwezi, ulinganishe mahudhurio ya wavulana. Pengo likipungua, mwalo umekusikia. Likiongezeka, kuna mtumbwi umevunja mapatano, na BMU itakuambia ni upi. Hapo sasa itoe ile barua ya wadau kwenye droo, uwaite diwani na wenzake, na matajiri wa mitumbwi wakae mstari wa mbele, wao ndio wasome matokeo.

Na huyo mvulana wa hisabati: mfuate, wiki hii. Kama ameondoka mwezi uliopita, siku 90 za utoro mfululizo bado hazijatimia, na kabla hazijatimia jina lake lisifutwe kwenye rejesta. Mwambie mkuu wa shule kwa mdomo na kwa maandishi. Usiende peke yako. Nenda na mjomba wake au yeyote wa ukoo anayemheshimu, na mtu wa BMU ambaye tajiri wa kambi hiyo hawezi kumkatalia. Uliza kwanza kama anadaiwa, na kiasi gani, mzungumze deni hilo na tajiri palepale, mbele ya shahidi. Ukipata siku ya mbalamwezi ndani ya wiki hii, utamkuta ameamka. Chukua daftari lake la hisabati lililobaki shuleni, umpelekee, na umwambie mmefika mada gani.